Namna ya Kuandaa Mradi wa Picha za Habari wa Darasani

Mwanafunzi wa uandishi wa habari anapopewa mradi wake wa kwanza wa picha, huanza kuhangaikia kamera: aitumie ya aina gani, aiazime kwa nani, na kama simu aliyo nayo itatosha. Wasiwasi huo unaeleweka, ila kamera siyo inayoangusha miradi mingi. Inayoiangusha ni wazo pana mno lisilo na mahali pa kuanzia, pamoja na maelezo ya picha yanayoandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, wakati majina ya watu yamekwisha kusahaulika. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unakaa sana kwenye kuchagua habari, kuandika maelezo na kuchuja picha, na unapita haraka kwenye vifaa.

Wazo lenye kitenzi

"Mazingira", "vijana na teknolojia" na "elimu ya muziki" ni mada, na mada haipigiki picha. Kinachopigika picha ni mtu fulani anayefanya jambo fulani mahali fulani, jambo lenyewe likiwa na mwisho unaoweza kuufikia kabla ya tarehe ya kukabidhi kazi. Kipimo chake ni chepesi: andika wazo lako kwa sentensi moja yenye kitenzi cha kutenda. Tuseme sentensi yako ni hii: "Fundi anatengeneza ala za bendi ya shule zilizokaa kabatini bila kupigwa, ili zitumike katika tamasha la mwisho wa muhula." Hapo tayari una mhusika, kazi, kikwazo na siku ya mwisho. Unajua pia uende wapi na lini: siku fundi anapozikagua ala kwa mara ya kwanza, siku anapofungua ile iliyoharibika vibaya kuliko zote, siku wanafunzi wanapozijaribu, na jioni ya tamasha. Mwenzako aliyechagua "elimu ya muziki" atakuwa bado anazunguka madarasani akipiga picha za watoto walioshika filimbi na kutabasamu.

Wazo jembamba linaweza kubeba mambo makubwa. Mwaka 1948 jarida la Life la Marekani lilichapisha kazi ya mpiga picha W. Eugene Smith kuhusu daktari mmoja, Ernest Ceriani, aliyehudumia wakazi wa mji mdogo wa Kremmling, Colorado. Mada ya "huduma za afya vijijini" haikuhitaji kutajwa, kwa sababu uchovu wa daktari yule baada ya upasuaji ulikwisha kuisema. Inasimuliwa kwamba mwanzoni Smith alifyatua kamera bila kuweka filamu ndani yake, ili daktari amzoee kwanza. Leo hatuna filamu ya kuokoa, lakini ziara ya kwanza isiyo na haraka ya picha bado ina faida ileile, kwani ndiyo inayokuonyesha mwanga unaingilia dirisha gani, nani huja saa ngapi, na ni mahali gani utasimama bila kumzuia mtu kazi yake.

Kabla ya kuamua moja kwa moja, jiulize maswali matatu. Je, unaweza kumfikia mhusika zaidi ya mara moja? Je, kuna jambo litakalobadilika kati ya ziara ya kwanza na ya mwisho? Je, ukiondolewa maneno yote, picha zitakuwa na kitu cha kuonyesha? Habari nyingine ni nzuri kwa makala lakini ni mbaya kwa picha. Mgogoro unaoendeshwa kwa barua tu, kwa mfano, utakuachia picha za watu walioketi mezani.

Ruhusa huombwa mapema

Sheria za kupiga picha hadharani hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo muulize mwalimu wako kuhusu sheria za mahali ulipo na kanuni za shule au chuo chako. Kuna mambo, hata hivyo, yasiyotegemea sheria. Mweleze mhusika kwa lugha anayoielewa wewe ni nani, kazi ni ya somo gani, nani ataiona, na kama itabandikwa ukutani au itawekwa kwenye intaneti. Hizo ni ridhaa mbili tofauti: mtu anaweza kukubali picha yake ionekane darasani na akakataa kabisa isambae mtandaoni. Kwa watoto, pata idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na ya shule pia ikiwa unapiga ndani ya shule. Ridhaa iliyotolewa jana inaweza kuondolewa leo. Mhusika akisema "hapana" katikati ya kazi, shusha kamera kwanza, mazungumzo yafuate baadaye.

Kuna wanafunzi wanaodhani kwamba kuomba ruhusa kunaua uhalisia, kwa kuwa mtu akijua anapigwa picha ataanza kujipanga. Ni kweli kwa dakika za mwanzo. Kazi yake ikimshughulisha kweli, ataisahau kamera mapema kuliko unavyofikiri, hasa kama nawe utakaa kimya na kuacha kumwonyesha kila picha uliyoipiga.

Vifaa, kwa ufupi

Simu ya kisasa inatosha kwa mradi wa darasani. Futa lenzi yake, usivute picha kwa vidole bali sogea kwa miguu, na gusa skrini mahali palipo na uso wa mhusika ili simu ipime mwanga hapo. Zima mtindo unaotia ukungu nyuma ya mhusika: ukungu huo hutengenezwa na programu, mara nyingi hukata masikio na vidole ovyo, na katika picha za habari unaleta maswali ambayo huyahitaji.

Ukiwa na kamera, anza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kuingiza mwanga. Mtu anayetembea anahitaji takribani 1/250 ya sekunde. Mchezo au ngoma yenye miruko huhitaji 1/500 au zaidi. Ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, pandisha ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600 au 3200 bila kusita, kwa sababu chembechembe husameheka ilhali uso uliotikisika hausameheki. Ukiona mistari ya giza ikipita kwenye picha chini ya taa za umeme, tatizo si kamera yako. Taa hizo huwaka na kufifia pamoja na mkondo wa umeme, nawe unaweza kupunguza athari hiyo kwa kushusha shata hadi 1/100 mahali ambapo umeme ni wa hezi 50, au 1/120 ambapo ni wa hezi 60. Flashi iache ndani ya mfuko ikiwezekana. Hufuta mwanga uliokuvutia kupiga picha yenyewe, na humkumbusha kila mtu chumbani kwamba upo.

Jambo moja la vifaa ambalo wengi hulipuuza ni saa ya kamera. Iweke sawa kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu utaihitaji utakapokuwa unalinganisha picha na daftari lako.

Kupiga picha: zunguka, kisha subiri

Fika kabla ya tukio na uondoke baada ya wengine. Piga kwanza picha pana inayoonyesha mahali, ili msomaji ajue yuko wapi. Kisha ingia katikati, ambapo watu na shughuli yao vinaonekana pamoja. Halafu sogea karibu kabisa: vidole vya fundi vikisukuma kipande cha mbao laini ndani ya bomba la tarumbeta lililobonyea, alama ya kalamu aliyoichora mahali penye tundu, kitambaa chenye mafuta kilichokunjwa juu ya goti. Mwanafunzi anayeanza huwa na picha nyingi za kati na karibu hana kabisa za pana na za karibu, na ndiyo maana miradi mingi huchosha macho hata kama kila picha, ikitazamwa peke yake, haina kasoro. Ongeza picha ya sura ya mhusika, picha ya watu wawili wakihusiana kwa namna yoyote, na picha inayoweza kufunga habari. Ya kufunga huwezi kuilazimisha, lakini ukikaa macho mwisho wa siku, watu wanapofungasha vitu vyao, huwa inajitokeza.

Kabla ya kubonyeza, kagua pembe nne za fremu. Nguzo inayoota kichwani mwa mtu, mkono wa mpita njia, chupa ya plastiki mezani: vyote hivi ni rahisi kuviepuka kwa kusogea hatua moja, na havitakiwi kuondolewa baadaye kwa kompyuta. Ukishapata nafasi nzuri yenye mwanga mzuri na mandhari safi nyuma, tulia hapo na uache tukio likufuate. Kukimbia huku na huku kunakupa picha nyingi za watu waliogeuka.

Usimpange mhusika. Sehemu hii ndiyo hubishaniwa sana darasani, nami nina msimamo mkali juu yake. Picha ya sura inaweza kupangwa, mradi ionekane wazi kwamba mtu ameketi kwa ajili ya kupigwa picha na maelezo yasiseme vinginevyo. Lakini kumwambia fundi "hebu rudia kupuliza tarumbeta kama ulivyofanya" ni kutengeneza tukio ambalo halikutokea, hata kama lilitokea dakika mbili zilizopita. Ukilikosa, umelikosa. Andika daftarini kwamba ulilikosa, kisha subiri apulize nyingine; fundi mwenye ala kadhaa za kutengeneza atapuliza tena.

Daftari ndilo linaloibeba picha

Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na wanawe katika kambi ya wachuma mazao huko Nipomo, California. Picha hiyo ikawa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi duniani, lakini Lange hakuuliza jina la mama yule. Kwa zaidi ya miaka 40 dunia ilimtazama Florence Owens Thompson bila kumjua, hadi jina lake lilipojulikana hadharani mwaka 1978, na mwenyewe alikuwa na manung'uniko juu ya namna picha ile ilivyotumika bila yeye kunufaika. Linganisha na picha aliyoipiga Sam Nzima tarehe 16 Juni 1976 huko Soweto, Afrika Kusini, siku polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana. Aliyebebwa ni Hector Pieterson, aliyembeba ni Mbuyisa Makhubo, na anayekimbia kando yao ni Antoinette, dada yake Hector. Kwa kuwa majina hayo yanajulikana, picha ile husimama kama ushahidi juu ya watu watatu mahususi, hata kwa mtu aliyezaliwa miongo mingi baadaye.

Mpe mhusika kalamu na daftari aandike jina lake mwenyewe, kisha lisome kwa sauti mbele yake. Andika kazi yake, umri wake ikiwa unahusika na habari, namna ya kumpata tena, na maneno aliyosema, yakiwa ndani ya alama za kunukuu pale tu ambapo ni maneno yake hasa. Njia nzuri ya kutochanganya watu ni kupiga picha ukurasa huo wa daftari mara baada ya kumpiga mtu mwenyewe. Utakapofungua faili kwa mpangilio wa saa, jina litafuata sura yake. Ukurasa huo una mambo binafsi ya mtu, kwa hiyo picha yake isiingie kwenye folda ya kukabidhi.

Maelezo ya picha huwa na sentensi mbili au tatu. Ya kwanza inasema nani anafanya nini, wapi na lini, ikifuata kile kinachoonekana. Ya pili inaeleza kile ambacho picha haiwezi kukionyesha: sababu, chanzo, au kinachotarajiwa. Chukua maelezo haya yanayopatikana katika karibu kila mradi: "Fundi akiwa kazini." Msomaji hakuhitaji kuambiwa hilo. Sasa yaandike upya: "Fundi wa ala za muziki (jina lake kamili) akinyoosha bomba la tarumbeta lililobonyea, katika chumba cha muziki cha shule (jina la shule), Jumanne (tarehe). Tarumbeta hiyo ni miongoni mwa ala ambazo bendi ya shule imeshindwa kuzitumia tangu muhula uliopita." Palipo na watu zaidi ya mmoja, taja nafasi zao kama magazeti yafanyavyo: kulia, kushoto, wa pili kutoka kushoto. Wahesabu mara mbili, maana hakuna kosa linalomuudhi mtu kama kubandikwa jina la mwingine.

Epuka kusoma mioyo. "Akiwa amejaa huzuni" ni dhana yako; labda alikuwa amechoka tu, au jua lilimpiga machoni. Kama alikuambia ana huzuni, andika kwamba alisema hivyo.

Kuchuja picha

Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote, na ndipo wanafunzi wanapotumia muda mfupi kuliko popote. Ukirudi na picha 300, hutakiwi kukabidhi zaidi ya 8 au 10, isipokuwa mwalimu ameagiza vingine. Pitia zote haraka mara ya kwanza na kuweka alama kwenye zile zilizokusimamisha tu. Ziache hadi kesho yake. Mara ya pili ondoa zile zenye kasoro za kiufundi zisizovumilika. Kisha chapisha zilizobaki kwa ukubwa mdogo, hata kwenye karatasi ya kawaida, uzitandaze mezani na kuanza kuzipanga kwa mikono. Kwenye skrini picha hutazamwa moja moja na kila moja huonekana nzuri. Mezani hutazamwa pamoja, na mara moja utaona kwamba tano kati yake zinasema jambo lilelile.

Kila picha inayobaki iwe na kazi yake. Moja inafungua na kutambulisha mahali, nyingine inamleta mhusika, nyingine inaonyesha kikwazo, nyingine mabadiliko. Picha mbili zikifanya kazi moja, dhaifu iondoke hata kama ni nzuri. Iondoke pia ile picha unayoipenda kwa sababu tu ulipanda juu ya meza au ulinyeshewa mvua ukiitafuta. Msomaji haoni jasho lako, anaona fremu. Mpe mtu ambaye hakuwepo azitazame bila maelezo, umwombe akusimulie habari anayoiona. Mahali atakapokwama ndipo penye pengo, na kama bado kuna muda, rudi ukalijaze.

Mipaka ya kuhariri

Kurekebisha mwanga na rangi ili zifanane na ulichokiona kunakubalika, na vivyo hivyo kukata kingo za picha, mradi ukataji usifiche jambo linalobadilisha maana. Kuongeza, kuondoa au kuhamisha kitu ndani ya picha hakukubaliki. Jarida la National Geographic lilipata lawama kubwa kwa jalada la Februari 1982, ambapo piramidi za Giza, nchini Misri, zilisogezwa karibu zaidi ili zienee kwenye jalada la wima. Mwaka 2003 gazeti la Los Angeles Times lilimfukuza kazi mpiga picha wake aliyeunganisha picha mbili za karibu na Basra, Iraki, kuwa moja. Katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2015, asilimia 20 ya picha zilizokuwa zimekaribia fainali ziliondolewa kwa sababu ya uhariri uliovuka mipaka. Kwa hiyo kishawishi hiki hakiwapati wanafunzi peke yao.

Jihadhari zaidi na programu za sasa zenye akili bandia, ambazo hufuta mtu au kujaza mandhari kwa kubonyeza mara moja, na pengine hufanya hivyo bila kukuuliza. Kagua mipangilio ya programu yako, na hifadhi faili la awali la kila picha unayoikabidhi. Mwalimu akiuliza, faili hilo ndilo jibu.

Sauti, video na maandishi

Somo likidai pia video fupi au sauti, usijaribu kupiga picha na kurekodi kwa wakati mmoja. Tenga ziara moja kwa kila kazi. Shikilia kila kipande cha video kwa sekunde 10 bila kutikisa wala kuvuta. Kipaza sauti kiwe karibu na mdomo wa msemaji, kwa kuwa mtazamaji huvumilia picha hafifu lakini huondoka sauti ikiwa mbaya. Kabla ya kuondoka rekodi nusu dakika ya mlio wa chumba chenyewe, bila mtu kuzungumza. Utaihitaji kuziba mikato wakati wa kuhariri.

Maandishi yanayoambatana na picha yasirudie yaliyokwisha kuonekana. Yaeleze kilichotangulia, takwimu ulizozithibitisha kwa wahusika zaidi ya mmoja, na maoni ya upande mwingine ikiwa kuna mvutano. Katika mfano wetu, shule ina la kusema kuhusu kwa nini ala zilikaa kabatini, na mwandishi aliyemhoji fundi peke yake hajamaliza kazi.

Kukabidhi

Hamisha picha kutoka kwenye kadi siku ileile ulipozipiga, na usiifute kadi hadi uwe na nakala tatu, mbili zikiwa katika vifaa tofauti na moja ikiwa mahali pengine kabisa. Yape mafaili majina yanayoeleweka, yakianza na tarehe, kisha jina lako la ukoo, neno moja la habari na namba ya mpangilio. Programu nyingi za kuhariri zina nafasi ya kuandika maelezo na jina la mpiga picha ndani ya faili lenyewe, kwa mfumo wa IPTC unaotumiwa na vyombo vya habari duniani. Yajaze humo, ili picha ikitengana na karatasi yake isitengane na maelezo yake. Fungua upya folda unayoikabidhi ukitumia kompyuta nyingine, uhakikishe kwamba kila picha inafunguka na kwamba majina yote yamefanana na yale yaliyo daftarini. Baada ya kukabidhi, mpelekee mhusika nakala za picha zake kama ulivyomwahidi, na umwambie ni lini na wapi zitaonyeshwa.